Maji safi si maji matupu

Kila Januari, nikikabidhiwa darasa jipya la kidato cha kwanza, naanza na glasi tatu mezani. Moja ina maji ya bomba ya hapa shuleni. Ya pili ina maji ya chupa kutoka dukani. Ya tatu ina maji ya betri, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri za magari. Kisha nauliza: ipi kati ya hizi ina maji safi?

Karibu darasa zima huchagua maji ya chupa. Ukiwauliza sababu, wanakuonyesha karatasi iliyobandikwa: imeandikwa, mwalimu. Wachache huchagua bomba kwa kuwa ndiyo waliyokulia. Maji ya betri hayapati kura hata moja, maana nani amewahi kuyanywa?

Nachukua vipande vitatu vya kioo, juu ya kila kimoja nadondosha tone moja, kisha navipasha polepole juu ya taa ya spiriti hadi vikauke. Tone la bomba linaacha duara jeupe, kama alama ya jasho kwenye shati jeusi. Tone la chupa nalo linaacha duara, jembamba zaidi, lakini lipo. Tone la maji ya betri haliachi kitu. Kioo kinabaki kama kilivyokuwa.

Hapo darasa hunyamaza, na huo ukimya naupenda kuliko kitu chochote katika kazi hii.

Tatizo letu linaanzia kwenye neno. Vitabu vyetu vya kemia, tukivieleza kwa Kiswahili, vinagawa maada katika mafungu mawili: dutu safi na michanganyiko. Neno "safi" limeshiba maana kabla mtoto hajafika shuleni. Safi ni shati lililofuliwa, ni uwanja uliofagiwa, ni maji yasiyoumiza tumbo. Mamlaka za maji nchini zinaitwa za maji safi, na ni haki yao, kwa sababu kazi yao ni kutuletea maji yasiyotuua. Mkemia anapotamka neno hilo anakusudia jambo jingine kabisa. Anauliza kama kitu hiki ni cha namna moja tu, tangu chembe ya kwanza hadi ya mwisho. Hajali kama kinafaa kunywewa. Sianidi iliyotengenezwa vizuri ni dutu safi kwake. Maziwa ya mama ni mchanganyiko.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia neno jingine darasani, na neno hilo sikulipata chuoni, nililipata jikoni kwa bibi. Siku ambazo hakukuwa na mboga, bibi alitwambia: leo tunakula wali mtupu. Hakuna aliyedhani sahani iko tupu. Wali mtupu ni wali na wali, basi. Ndivyo tunavyosema ugali mtupu, dhahabu tupu, uongo mtupu. Kiswahili kilikuwa na dhana ya mkemia zamani, ila kiliiweka chini ya "-tupu", si chini ya "safi". Maji ya chupa ni maji safi. Maji ya betri ni maji matupu, au karibu sana na matupu, kwa kuwa yamekenekwa: yamechemshwa yakawa mvuke, mvuke ukapozwa ukawa maji tena, na yote yaliyoyeyuka ndani yake yakabaki chunguni. Tangu nianze kusema hivyo, wanafunzi hawachanganyikiwi tena kati ya usafi wa afya na usafi wa kemia. Najua kamusi haziandiki hivyo. Ningependa ziandike.

Mimi ni mtu wa pwani ya Tanga, na somo hili nilianza kulisoma kwenye mashamba ya chumvi kabla sijajua kuwa lina jina. Mjomba wangu alikuwa kibarua huko. Wakati wa bamvua maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba makubwa, yanaachwa yapigwe na jua la kaskazi, kisha yanahamishwa jaruba hadi jaruba kadiri yanavyokolea. Mtoto anayetazama anaona maji yanapungua na chumvi inatokea, na anadhani bahari ni maji na chumvi, vitu viwili. Sivyo. Katika kilo moja ya maji ya bahari mna takribani gramu 35 za madini yaliyoyeyuka, na kati ya hizo kama gramu 27 tu ndizo chumvi tunayoijua mezani. Nyingine ni magnesi, kalisi, potasi, salfeti na jamaa zao.

Uzuri wa majaruba ni kwamba vitu hivyo haviondoki majini kwa pamoja. Kwanza inatua chokaa. Maji yakishapungua hadi kama sehemu moja ya tano, inatua jasi, ile ile inayochimbwa Makanya na kuchanganywa kwenye saruji. Chumvi yenyewe inaanza kujitokeza pale maji yanapobaki kama sehemu moja ya kumi. Ndiyo sababu yanahamishwa: jaruba la chokaa na jasi ni jingine, jaruba la chumvi ni jingine. Yale mahamisho niliyoyaona utotoni kama kazi ya kuchosha ilikuwa ni kazi ya kutenganisha mchanganyiko, imefanywa kwa jua na upepo, bila kichujio wala umeme.

Na kuna hatua ya mwisho. Chumvi ikishakaa chini, juu yake yanabaki maji mazito yenye uchungu. Nilimwuliza mjomba mbona anayamwaga wakati bado yana chumvi, naye akanijibu, "Hayo yaache yaende, mwanangu, yanaharibu chumvi." Nilipofika kidato cha tatu ndipo nilipoelewa. Maji yale yamejaa magnesi. Ukiyakausha pamoja na chumvi unapata chumvi chungu, na zaidi ya hapo unapata chumvi inayolia.

Kila aliyekulia pwani anaijua chumvi inayolia. Masika yakiingia, kopo la chumvi ya mawe jikoni linakuwa na maji chini, nasi tunatia punje za mchele ndani ili zifyonze unyevu. Chumvi tupu haina tabia hiyo kwa urahisi. Inaanza kuvuta maji kutoka hewani pale tu unyevu wa hewa unapopita kama asilimia 75. Kloridi ya magnesi inaanza kuvuta ikiwa ni kama asilimia 33 tu, na pwani yetu ni nadra hewa kukauka kiasi hicho. Kwa hiyo kopo lililolowa wakati majirani wako wana chumvi kavu linakupa habari: humu hamna kitu kimoja. Bibi alisema chumvi hii si nzuri. Alikuwa anapima utupu wake bila maabara.

Isije ikaonekana nasema mchanganyiko ni kitu kibaya. Chumvi ya pakiti tunayonunua leo imetiwa madini joto kwa makusudi, makumi machache ya miligramu za iodini katika kila kilo, na kiasi hicho kidogo kimewakinga watoto wa nyanda za juu na rovu. Ile chumvi tupu niliyonayo kwenye kabati la maabara isingewasaidia. Hewa nayo ni mchanganyiko, kama asilimia 78 naitrojeni na 21 oksijeni, na sidhani kuna anayetamani kuishi kwenye naitrojeni tupu. Sonara wa pale sokoni anajua hivyo vizuri kuliko darasa langu: dhahabu ya karati 24 ni laini mno kwa bangili ya kila siku, kwa hiyo anatia shaba na fedha, anashuka hadi karati 21 au 18, na anakuambia bila kusita kuwa ya 18 ni dhahabu robo tatu. Hapo hamna udanganyifu. Udanganyifu ni kuiuza ya 18 kwa bei ya 24.

Dutu tupu zenyewe ni za namna mbili, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Kuna elementi, kama dhahabu au oksijeni, ambazo kwa njia yoyote ya kemia huwezi kuzivunja zikawa kitu kidogo zaidi. Na kuna misombo, kama maji na chumvi, iliyofungwa kutokana na elementi zaidi ya moja. Mtoto mwerevu atauliza, na kila mwaka yupo anayeuliza: kama chumvi ina sodiamu na klorini ndani yake, mbona si mchanganyiko?

Swali hilo liliwahi kuwagombanisha wakubwa. Mwaka 1799 Joseph Proust, Mfaransa aliyekuwa akifundisha Hispania, alieleza kuwa kaboneti ya shaba ina uwiano ule ule wa elementi, iwe imechimbwa ardhini au imetengenezwa maabara. Maumbile, kwa maoni yake, yanapima kwa mizani moja kila mahali. Aliyempinga alikuwa Claude Louis Berthollet, na Berthollet hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1798 alikuwa ameandamana na Napoleon kwenda Misri, na huko kwenye mabwawa ya Wadi Natrun aliona magadi yakijijenga kandokando ya maji ya chumvi yaliyokuwa yakipita juu ya mawe ya chokaa. Maabara ya Ulaya ilijua mwenendo wa kemia ulio kinyume cha huo. Akaelewa kwamba wingi wa vitu unaweza kuugeuza mwenendo, na hilo alikuwa sahihi. Tunalifundisha hadi leo. Lakini alivuka mpaka. Akasema hata uwiano wa elementi ndani ya msombo unaweza kupanda na kushuka kulingana na wingi wa vilivyokutana.

Walibishana karibu miaka minane, kwa heshima kubwa. Ukiangalia mifano mingi ambayo Berthollet aliitoa kama misombo yenye uwiano unaobadilika, utakuta aloi za metali, vioo, myeyusho. Ilikuwa ni michanganyiko. Ubishi wote, kwa kiasi kikubwa, ulikuwa ni ule ule wa kidato cha kwanza: hiki ni kitu kimoja au ni vitu vilivyokutana? (Baadaye iligunduliwa kuwa baadhi ya misombo migumu, kama oksidi moja ya chuma, kweli ina uwiano unaoyumba kidogo, nayo ikapewa jina la Berthollet. Nafurahi kwa ajili yake.)

Kwa hiyo namjibu mtoto hivi. Chukua chumvi ya pwani kwetu. Chukua ya Uvinza, kule karibu na mto Malagarasi, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chukua ya ziwa Katwe, Uganda, ndani ya kasoko ya volkano. Zilivyo kutoka huko zinatofautiana rangi na ladha, kwa sababu ni michanganyiko na kila mahali pana mchanganyiko wake. Sasa zitakase zote mpaka zibaki chumvi tupu. Pima. Kila gramu 100 zitakuwa na gramu 39.3 za sodiamu na gramu 60.7 za klorini. Uvinza, Katwe, Tanga, hakuna tofauti. Huwezi kuweka sodiamu kidogo zaidi ili ikolee, kama unavyoweza kuongeza sukari kwenye chai.

Tena, ndani ya mchanganyiko kila kitu kinabaki na tabia yake. Chumvi iliyoyeyuka majini bado ina ladha ya chumvi, mchanga ndani ya mchele bado unavunja meno. Sodiamu na klorini ndani ya chumvi zimeacha tabia zao zote. Sodiamu ni metali laini inayolipuka ikigusa maji. Klorini ni gesi ya kijani iliyotumika kuua askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Zikifungana tunazitia kwenye mchuzi. Kuzirudisha kunahitaji kuiyeyusha chumvi kwa moto wa nyuzi 801 na kupitisha umeme ndani yake. Jua la kaskazi haliwezi.

Kipimo tunachotumia shuleni ni kuchemka. Dutu tupu ikiwa kimiminika inachemka kwa joto moja na kubaki hapo hapo hadi tone la mwisho, ilhali maji ya chumvi yanapanda joto kadiri yanavyokauka. Hapa ninapofundisha, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, maji matupu yanachemka karibu nyuzi 95, na kila mwaka kuna kundi linaloniletea kipimajoto likisema kimeharibika kwa sababu kitabu kimeandika 100. Hakijaharibika. Hewa ya mlimani ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ya pwani. Cha kutazama ni kama namba inatulia.

Hata hivyo kipimo hicho hakiaminiki siku zote, na naona ni dhuluma kuwaficha wanafunzi jambo hilo. Ukikeneka pombe mara nyingi kadiri unavyotaka, utafika mahali alikoholi ni kama asilimia 95.6 kwa uzito na maji yaliyobaki yanakataa kuachana nayo. Kimiminika hicho kinachemka kwa nyuzi 78.2 tu, kimetulia kama dutu tupu, na kinatoka mvuke wenye uwiano ule ule. Ni mchanganyiko unaovaa nguo za dutu tupu. Unaumbuka ukibadilisha mgandamizo wa hewa, kwa maana uwiano nao unabadilika. Msombo wa kweli haufanyi hivyo. Mwanafunzi aliyeelewa mfano huo ameelewa somo kuliko yule aliyekariri jedwali la tofauti sita kati ya msombo na mchanganyiko. Mtihani, kwa bahati mbaya, unauliza jedwali.

Nimesema hapa kwetu ni mlimani. Nafundisha upande wa mlima Meru, Arusha, na huku somo la dutu na michanganyiko lina uzito ambao pwani halikuwa nao. Ukiwachekesha wanafunzi wangu, baadhi yao wanainua mkono kufunika mdomo. Meno yao yana madoa ya kahawia, na mengine yamemeguka. Ni floridi. Miamba ya volkano inaitoa, maji yanapita humo na kuibeba, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake bado yanajengeka chini ya fizi anaota meno yenye madoa. Akiendelea kunywa kwa miaka mingi hadi ukubwani, hata mifupa inaweza kuathirika.

Wazazi wengi niliozungumza nao wanasema: maji yetu ni safi, mwalimu, yanatoka mlimani, unaona hadi chini. Wanasema kweli. Yanang'aa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kwa simtangi la lita 1,000 hiyo ni gramu moja na nusu, kama robo ya kijiko cha chai. Hakuna jicho litakaloona robo ya kijiko iliyoyeyuka humo, wala ulimi. Kitambaa cha kuchujia hakiishiki, kwa sababu si chenga zinazoelea. Dawa ya klorini inaua vijidudu na kuiacha floridi ilivyo. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: maji yanapungua, floridi inabaki. Mama anayechemsha maji kwa uangalifu kila jioni anamwokoa mtoto na kipindupindu, lakini kwa floridi hajamsaidia. Yanayosaidia ni kukeneka, ambako ni ghali kwa familia, au kupitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa ipasavyo, unaoinasa floridi. Kazi hiyo ya utafiti inafanyika pale Ngurdoto, si mbali na Maji ya Chai.

Na magadi yetu ya kulainishia makande, yale madini ambayo mkemia huyaita trona, yakiwa matupu ni msombo wenye uwiano wake thabiti wa kaboneti, bikaboneti na maji. Yale ya gunia sokoni huku kaskazini yana vingine ndani yake, na mengine yana floridi nyingi. Tunaipokea kwenye glasi na tunaiongeza chunguni.

Mwaka huu, baada ya yale matone matatu, msichana mmoja wa dawati la mbele alibaki wenzake walipotoka. Alikishika kile kioo cha maji ya bomba, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, hii nyeupe ndiyo floridi?"

Nilimwambia hapana. Sehemu kubwa ya duara lile ni chumvi nyingine zisizo na madhara, na floridi kama imo ni kidogo mno kuonekana. Ningeweza kumpa maji yenye duara kubwa na floridi kidogo, na mengine yenye duara dogo na floridi nyingi. Lazima ipimwe.

"Inapimwa wapi?"

Tulitafuta chupa ya plastiki, akaisuuza mara tatu kwa maji yale yale ya bomba kama nilivyomwonyesha, akaijaza hadi shingoni ili hewa isibaki, akaandika tarehe na jina la bomba kwenye plasta na kuibandika ubavuni. Kesho yake akaja na ya pili, ya kisima cha nyumbani kwao. Zote mbili ziko kwenye mkoba wangu ninapoandika. Kesho asubuhi nazipeleka mjini.